Kibali cha Kumtania Marehemu

Nchi ya Pengineko ipo, ila msihangaike kuitafuta. Mkiikosa kwenye ramani, basi. Na mkiikuta mahali mnapopafahamu, mimi sikusema kitu. Kazi yangu kusimulia tu, sina ubaya na mtu.

Nchi hiyo ilikuwa na Chuo Kikuu kimoja, na chuo hicho siku moja kiliamka kikagundua kwamba bado kinatawaliwa. Mkoloni mwenyewe alikuwa ameondoka miaka sitini nyuma, tena wazee walimwona kwa macho yao akipanda meli na masanduku yake. Kumbe! Alikuwa amejibanza ndani ya mitaala. Makamu Mkuu wa Chuo alishtuka mpaka akakosa hamu ya supu. Papo hapo akaunda Baraza la Kurudisha Maarifa kwa Wenyewe, na Baraza hilo, ili lijifunze kujitegemea, likapelekwa Ulaya wiki tatu kufundishwa. Likarudi na mikoba mipya, vyeti vya ushiriki, na mafua.

Siku ya kutangaza matokeo, wajumbe walipanda jukwaani na majoho yao ya sufu nzito, jua likiwa utosini. Makamu Mkuu akajifuta jasho mara nne, akasema:

"Ndugu wananchi! Tumedharau vya kwetu kwa muda mrefu mno! Kuanzia leo, maarifa yote ya asili ya nchi hii yatathaminiwa. Na kitu cha thamani, ndugu zangu, hakiachwi ovyo kikachezewa na kila mtu. Kinafungiwa kabatini!"

Watu wakapiga makofi. Wapengineko ni watu wa makofi; hupiga kwanza, wakaulizana baadaye nyumbani.

Nyumbani ndipo walipoelewa. Kuchachua togwa sasa kulihitaji stashahada. Kumbembeleza mtoto kwa wimbo kulihitaji cheti, isipokuwa mtoto awe analia kwa dharura. Mkulima mmoja aliyenusa mvua siku ya Jumatatu aliambiwa aandike kwanza pendekezo la utafiti, na kamati ya kulipitia ikakaa Alhamisi, ikaahirishwa kwa sababu ukumbi ulikuwa umejaa maji. Lakini hakuna aliyelalamika sana. Watu walitikisa vichwa, wakaimba kwa kunong'ona, mambo yakaenda.

Yakaenda hivyo mpaka yalipomfikia Bi Kalunde.

*

Bi Kalunde alikuwa Mkomole wa kijiji cha Mlowoka, mama wa miaka sitini na mitatu, mlimaji wa viazi, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Viazi vilimpa chakula, lakini jina alipewa na utani.

Zamani, Wakomole na Wasindi walipigania kisima kimoja miaka saba, wakachoka kuzikana. Wakakubaliana kwamba kuanzia hapo watapigana kwa midomo. Tangu siku hiyo, Mkomole akikutana na Msindi humwita mtumwa wake na mla nzige, humpokonya kofia, humlia nyama sahanini, na Msindi hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika ameaibisha ukoo mzima. Na Msindi akifa, wanaochimba kaburi ni Wakomole. Anayevaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na kutaja kasoro zake mbele ya wafiwa, huyo naye ni Mkomole. Akifa Mkomole, Wasindi nao hulipiza. Msiba usio na watani, kwao, si msiba. Ni mtu tu kafukiwa.

Mtani wa Bi Kalunde alikuwa Mzee Lugembe, Msindi wa kijiji cha pili, na walikuwa wametukanana kwa mapenzi miaka arobaini. Mume wa Bi Kalunde, marehemu Kapaya, alipofariki, mama huyu alikaa siku tatu bila kutia kitu mdomoni. Dada zake walimbembeleza, mchungaji akamsihi, wapi! Siku ya tatu Lugembe akaingia uani amevaa suruali ya Kapaya, anachechemea kama Kapaya alivyokuwa akichechemea, akajitupa kwenye kiti cha Kapaya na kupaza sauti ile ile ya Kapaya: "Kalunde! Hiyo chai unaichemsha au unaizaa?"

Bi Kalunde alicheka mpaka akagaagaa chini. Halafu akalia, akalia sana. Halafu akaomba uji. Tangu hapo alijua kwamba uhai wake umerudishwa na mla nzige mmoja asiye na haya, na wawili hao wakaahidiana. "Ukitangulia wewe," Bi Kalunde alimwambia, "nitakuzika na aibu zako zote, hata moja sibakizi."

"Fanya hivyo, mtumwa wangu," Lugembe akasema. "Ukinizika kwa heshima nitakufufukia."

Basi Jumanne moja, mchana, akiwa ametoka kula na kuomba aongezewe, Mzee Lugembe akafariki.

*

Habari zilipofika, Bi Kalunde alilia hadi kanga ikalowa. Alipomaliza akajifuta, akaketi kizingitini, akaanza kuzikusanya kasoro za marehemu moja baada ya nyingine, asije akasahau. Alikuwa amefika ya ishirini na sita hodi ilipopigwa. Alikuwa Bwana Tegemeo, Mkaguzi wa Maarifa Asilia wa wilaya, kijana mpole, mwembamba, ambaye hakuwahi kwenda popote bila kitabu cha kanuni kwapani.

"Shikamoo mama. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

"Nimesikia mazishi ni Ijumaa. Nimekuja kukagua kibali chako."

"Kibali cha nini?"

"Cha kumtania marehemu." Akafungua kitabu. "Utani wa msibani umeingizwa kwenye orodha ya maarifa adhimu. Mtu asiye na shahada akimtania marehemu, mazishi yanasimamishwa na maiti inarudishwa chumba cha maiti mpaka apatikane mtaalamu."

"Mtaalamu gani tena? Huo utani mmeutoa wapi?"

"Kwenu, mama. Tumeuchukua ili muuheshimu."

Bi Kalunde akamtazama, akapiga kofi la mshangao. Makubwa! Mkoloni alikuwa amekaa nchi ile miaka sabini, akachukua dhahabu, pembe, hata ngoma ya mtemi, lakini utani hakuugusa. Aliuona akadhani watu wanagombana, akaenda zake. Sasa wamekuja waliosoma, wakaurudisha kwa wenyewe kwa kumnyang'anya mwenyewe.

"Na nikikosa hiyo karatasi?"

"Usimsogelee marehemu, mama. Nakuomba sana."

Bi Kalunde hakulala chali akingoja. Kesho yake asubuhi alivaa viatu vya kanisani, akaenda Chuo Kikuu.

*

Idara ya Utani ilikuwa kwenye jengo la ghorofa tatu, kimya kuliko maktaba. Mlangoni kulikuwa na bango: KUCHEKA HAKURUHUSIWI WAKATI WA MASOMO. Msajili, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo aitwaye Bi Felisiana, alimpa fomu ya kurasa tisa.

"Elimu yako?"

"Nimezika watu mia mbili na kumi na nne."

"Naandika 'hana'. Mdhamini wa kitaaluma, mtu anayeufahamu utani wako vizuri?"

"Lugembe."

"Anapatikana?"

"Yupo chumba cha maiti."

Bi Felisiana akaandika: *Hapatikani kwa sasa.* Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Alipoona macho ya mama wa watu yamejaa machozi, alipekua kanuni mpaka akapata kifungu cha watahiniwa wa dharura. Bi Kalunde angefanyiwa mtihani wa mdomo Alhamisi, saa tatu. Akifaulu, kibali kingetoka siku hiyo hiyo.

Alhamisi saa tatu kasoro alikuwa mlangoni. Kwenye benchi la nje aliketi bwana mmoja wa makamo mwenye upara na joho, ameshika kitabu kinene mapajani, ametulia kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Wakasalimiana kwa adabu. Ndani kulikuwa na watahini watano wa joho la sufu, na Mwenyekiti wao alikuwa mtu wa kitambi kikubwa kiasi kwamba kalamu yake ilipoanguka, ilibidi watu wawili wafanye kikao.

"Mtahiniwa," akasema Mwenyekiti, "taja nadharia tatu za utani."

"Nadharia ndiyo nini, baba?"

"Ni maelezo ya kwa nini mtu hucheka."

"Mtu ukimweleza hacheki."

Watahini wakaandika kwa muda mrefu. Kisha Mwenyekiti akaegemea kiti, kiti kikalalamika.

"Sasa sehemu ya vitendo. Nitanie mimi."

Jamani! Bi Kalunde alimtazama yule mtu: tumbo lile, jasho lile, sufu ile, kalamu ile bado iko sakafuni. Hazina yote ile, imemwagwa mbele yake! Ulimi ulimwasha. Alikuwa na mambo kumi na mawili tayari kabla hajavuta pumzi. Lakini utani una mipaka yake, na Bi Kalunde alikuwa amelelewa.

"Samahani, baba, wewe ni mtu wa wapi?"

"Swali hilo halihusiani na mtihani."

"Ndiyo mtihani wenyewe. Wewe ni Msindi?"

Hakuwa Msindi. Wa pili naye hakuwa, wala wa tatu, wala wa nne, wala wa tano. Bi Kalunde akachanganyikiwa.

"Sasa mbona hamkuniletea Msindi hata mmoja?"

"Tunaye," Mwenyekiti akasema kwa fahari. "Profesa Lushinge, Mkuu wa Idara, ni Msindi halisi. Lakini tulipoona kwenye fomu yako kwamba wewe ni Mkomole na ninyi ni watani, tukamtoa nje. Ni mgongano wa maslahi. Hapa tunatenda haki."

"Yule mwenye upara pale benchini?"

"Huyo huyo."

"Basi, baba, mtihani wangu mmeutoa nje."

"Nitanie, mama. Muda unakwenda."

Bi Kalunde alikuwa akimfikiria Lugembe, amelala peke yake kwenye baridi, anamngoja. Maneno kumi na mawili tu, na kibali ni chake. Akafumbua mdomo. Akaufumba.

"Siwezi," akasema, na machozi yakamtoka. "Nikikutania wewe, baba yangu, huo si utani, ni matusi. Wewe hujanikosea kitu."

Matokeo yalibandikwa saa sita: *Mtahiniwa ameshindwa kutania. Ana heshima iliyozidi kiwango. Arudi mwakani kwa masomo ya awali.*

*

Ijumaa saa nne, uwanja wa nyumba ya Mzee Lugembe ulijaa. Jeneza lilikuwa kwenye meza, mjane, Bi Ng'washi, ameketi mkekani, hajala tangu Jumanne. Bi Kalunde aliketi nyuma, katikati ya wanawake, mikono kifuani. Hakuwahi kuketi msibani kwa Wasindi maisha yake yote. Siku zote alikuwa ndiye wa kufukuzwa kwa fujo za utani. Bwana Tegemeo alisimama karibu naye na kitabu chake, kwa masikitiko, lakini alisimama.

Gari la Chuo likafika. Akashuka yule bwana wa benchini, Profesa Lushinge, na joho lake, na kofia ya pembe nne, na kile kitabu kinene, na mkononi kibali chenye mhuri mwekundu. Ndiye mtu pekee nchini mwenye Shahada ya Uzamivu ya Utani, kwa hiyo ndiye aliyeletwa. Na ule mgongano wa maslahi? Aa, hapo Baraza lilikwishakaa na kuamua kwamba mtu hawezi kuwa na maslahi yoyote kwa maiti.

Profesa akakohoa, akafunua karatasi.

"Marehemu Lugembe, kwa mujibu wa vyanzo mbalimbali, alikuwa na tabia ambayo baadhi ya wataalamu wameieleza kuwa ni uchoyo." Akatulia, akasoma: "Kicheko."

Kuku alisikika akiparua nyuma ya jiko.

"Aidha, marehemu alikuwa na masikio makubwa kuliko wastani wa kitaifa. Kicheko."

Wazee wa Kisindi wakaanza kutazamana. Mmoja akauliza, si kwa kunong'ona, "Huyu si mtoto wa Lushinge wa Bukulu?"

"Ndiye."

"Msindi?"

"Msindi kabisa! Lugembe ni baba yake mkubwa!"

"Anamtukana baba yake juu ya jeneza?"

Lo! Minong'ono ikageuka kelele. Mzee mmoja akaokota fimbo yake. Bi Ng'washi akajifunika uso. Profesa akaikunja karatasi yake, maana alikuwa anajua. Aliandika mwenyewe katika kile kitabu kinene, ukurasa wa arobaini na tatu, kwamba Msindi hamtanii Msindi. Alikuwa amewaeleza Baraza, Baraza likamwambia asilete ukabila.

Bi Kalunde akainuka.

"Mama," Bwana Tegemeo akasema, "nakuomba sana, marehemu usimsogelee."

"Simsogelei. Marehemu ana shida gani? Namtaka huyu." Akapasua watu mpaka mbele. "Wewe kipara! Msindi wa Bukulu?"

"Ndiyo, mama," Profesa akajibu.

"Kumbe mtumwa wangu kabisa! Na nguo umevaa! Nani kakupa ruhusa?"

Profesa Lushinge hakuwa ameitwa hivyo tangu utotoni, kabla hajapelekwa shule ya bweni kufundishwa kunyamaza. Kitu kikamcheza pembeni mwa mdomo.

Bi Kalunde akampokonya kofia, akaivaa yeye. Akampokonya joho, akalitandika chini, akalikalia, akapima kama ni laini, akasimama. Halafu, paa! akampokonya kibali. Watu wakaanza kucheka kwa pua.

"Hapana!" Bwana Tegemeo akaja mbio. "Huo ni waraka wa Chuo! Profesa, toa malalamiko, niandike."

Profesa akatazama ile mikono mifupi iliyoshika karatasi yake. Akatazama wazee wake. Polepole akafunua kile kitabu kinene, *Misingi ya Utani: Utangulizi Mfupi*, kurasa mia nne na kumi na mbili, kilichopitishwa na Baraza kuwa sheria, akampa mkaguzi. "Ukurasa wa themanini na nane. Soma kwa sauti."

Bwana Tegemeo akasoma: "Mtani ana haki ya kutwaa chochote cha mtani wake, na aliyetwaliwa halalamiki."

"Silalamiki," akasema Profesa.

"Sasa soma na hii," akasema Bi Kalunde, akamnyooshea kibali.

Bwana Tegemeo alikuwa mtu wa maandishi, na maandishi hayakumwacha na pa kutokea. Akasoma, sauti inazidi kushuka: "Yeyote aliyeshika kibali hiki anaruhusiwa kumtania marehemu Lugembe, Ijumaa, kuanzia saa nne hadi saa tano, kwa kiwango cha wastani."

Akatazama saa yake. Akafunga kitabu. "Una dakika thelathini na tano, mama," akasema, akaenda kukaa.

Basi patamu hapo! Bi Ng'washi akaangua kilio na kicheko pamoja, akakimbilia ndani, akatoka na koti la Lugembe na fimbo yake. Bi Kalunde akavaa koti, likamfika miguuni. Akajibetua kiuno, akatoa tumbo mbele, akaanza kutembea, na watu wakapiga ukelele, maana marehemu alikuwa amefufuka mbele yao. Akamwiga anavyoitwa shambani asisikie, na anavyoitwa kula akiwa milimani akasikia. Akamwiga anavyosali huku anachungulia sufuria. Akamwiga alivyomposa Bi Ng'washi, alivyosahau jina la binti mbele ya wakwe akaposa dada yake. Wasindi walianguka juu ya Wakomole. Bi Ng'washi alishika mbavu, akilia, "Ndiye! Jamani, ndiye!" Hata Bwana Tegemeo alionekana amejifunika uso kwa kanuni, mabega yanaruka. Kiwango hakikuwa cha wastani.

Aibu zikaisha. Bi Kalunde akasimama kando ya jeneza, anahema.

"Mla nzige wee," akasema, na sauti ile ya ng'ambo ya mto ikawa ndogo. "Umeniacha na nani sasa? Nitamtukana nani?" Akalia bila kujizuia, na hakuna aliyemnyamazisha. Kisha akavua koti, akawageukia Wakomole wenzake. "Haya, tumfukie kabla hajaomba aongezewe."

Nyuma yao Bi Ng'washi alikuwa anauliza kama kuna uji.

*

Mazishi yalipokwisha, watu wakiwa wanakula, Profesa Lushinge alimfuata Bi Kalunde aliyekuwa ananawa miguu kando ya zizi. Hakudai joho, wala kofia, wala kibali.

"Mama."

"Sema, mtumwa."

"Miaka ishirini na sita nafundisha utani. Sina mtani hata mmoja." Akatazama chini. "Mimi nikifa, watasoma wasifu wangu. Kurasa kumi na tisa."

"Zote?"

"Zote."

Bi Kalunde akamtazama kwa huruma ya kweli. Alikuwa amezika watu wengi, lakini hakuwa amewahi kusikia kifo kibaya kiasi hicho.

"Ungekubali kunizika wewe?" Profesa akauliza. "Najua nakusumbua."

Mama akajikausha miguu taratibu. Akamzunguka mara moja, akamkagua kisogo, masikio, tumbo, viatu.

"Haya, tembea mpaka pale, urudi. Nikuone mwendo."

Profesa akanyoosha mgongo, akatembea kwa heshima, mikono nyuma.

"Huo si wako huo!" Bi Kalunde akamfokea. "Umeazima wapi? Rudi, anza upya. Tembea wa kwenu."

Profesa akasimama kidogo, akafumba macho. Akavua viatu. Halafu akaenda, magoti nje, kichwa mbele, mkono mmoja unapunga na mwingine umesahauliwa, kama Walushinge wote wa Bukulu walivyotembea tangu enzi za kisima. Na kabla hajafika hata kwenye kona ya zizi, Bi Kalunde alikuwa amekwishakaa chini, anacheka.